Mkono wa Binti Radi

"Lete mkono."

Akampa wa kulia.

"Si huo, mpenzi. Wa kushoto."

Shangazi, aliyekaa kwenye kochi la karibu na dirisha, akaangua kicheko. "Msamehe baba, leo hajielewi. Asubuhi kaitia chai yangu chumvi."

Kweli Miwani hakuwa anajielewa. Mtaa mzima humwita hivyo kwa sababu ni fundi katika duka la miwani, na mwenyewe huvaa miwani mikubwa inayomfunika nusu ya uso. Leo hata miwani ilikuwa imeingia ukungu. Mwanamume aliyepiga goti juu ya zulia la shangazi yake ndiye Mchongaji, na kwa watu wa sanamu, Mchongaji si mtu wa kupiga goti sebuleni kwa mtu.

Watu wa sanamu ni wale watu wazima wasiokoma kusoma vitabu vya katuni. Hununua sanamu za mashujaa wao, wakazipanga rafuni, wakazipangusa kwa brashi laini kila Jumamosi. Wana kundi lao la simu linaloitwa Kundi la Rafu. Wengi wao hupenda mashujaa tu. Miwani yeye hupenda waliowafinyanga. Mwonyeshe sikio la sanamu, atakwambia nani kalifanya. Ukuta mzima wa sebule hii ni Binti Radi, yule msichana wa kitabuni anayekamata radi kwa mkono mtupu, na kila Binti Radi pale ametoka kwa Mchongaji.

Pete ikaingia kidoleni. Ilikuwa ya fedha, yenye majani matatu yaliyolala pamoja, na jani la katikati limekatika ncha.

Miwani akaitazama pete, akatazama rafu, moyo ukamruka kwa furaha.

"Jamani. Umeifanya kama ya Binti Radi."

"Ya nani?"

Swali lilimtoka Mchongaji haraka mno. Halafu akatabasamu. "Aa, ndiyo. Nilijua utaona. Wewe hupitwi na kitu."

"Mpaka jani lililokatika."

"Mpaka hilo jani."

Alisema hivyo huku akimtazama machoni. Sanamu yenyewe ilikuwa nyuma ya bega lake, Binti Radi wa kwanza kabisa, mkono wa kulia juu na pete kidoleni. Hakugeuka kuiangalia.

Jani hilo ndilo lililowakutanisha. Miwani alimwandikia siku moja: "Samahani kukusumbua. Hilo jani lililokatika kwenye pete ya Binti Radi limeniliza. Mwingine angemvalisha shujaa pete nzima." Majibu yakaja: "Wewe peke yako ndiye uliyeona." Tangu hapo simu hazikukatika, na sasa harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Kafanya sonara gani?" akauliza shangazi.

"Wa mjini, shangazi. Nilimchorea mwenyewe. Kaimaliza juzi."

"Juzi."

"Juzi, shangazi yangu."

Shangazi akanyamaza. Wanaomjua wanajua kwamba mama huyu akinyamaza ndipo pa kuogopa.

* * *

Mgeni hajafika mbali, shangazi akanyoosha kiganja.

"Ivue."

"Shangazi, ndiyo kwanza nimevikwa."

"Ivue nikuonyeshe kitu, siichukui."

Akaichukua, akaiweka kando ya pete yake mwenyewe, aliyoivaa tangu ujana mpaka ujane. Upande wa chini, ule unaogusa kiganja, pete zote mbili zilikuwa zimelika, nyembamba kama uzi.

"Hii yangu imefua, imepika, imezika mume," akasema shangazi. "Hiyo ya juzi imefanya kazi gani?"

Miwani akatoa kwenye mkoba ile lensi ndogo ya kazini, ya kukagulia skrubu za fremu. Akaisogeza pete dirishani. Kwenye mikunjo ya majani mlikuwa mmejaa udongo wa kijivu, uliokauka, ulioshindiliwa siku nyingi. Alikaa nayo pale zaidi ya saa nzima, ndipo akampigia Mchongaji simu.

"Mpenzi, umeshanikumbuka?"

"Pete ni ya nani?"

Upande wa pili kikasikika kitu kinawekwa mezani. Kisha akashusha pumzi.

"Nilijua utauliza. Ni ya marehemu mke wangu."

"Mbona umesema ya sonara?"

"Ningesema nini mbele ya shangazi yako? Kwamba nakuvisha pete ya marehemu?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeumia. "Nilipomfinyanga Binti Radi wa kwanza, niliufinyanga mkono wa mke wangu. Nimeufinyanga kwenye kila sanamu tangu hapo. Sasa nimechoka kumweka rafuni. Nataka nianze upya na wewe. Kama nimekosea, nirudishie."

Miwani akajiona mtu mbaya. Machozi yakamtoka, na kusema kweli siku hiyo alimpenda kuliko siku zote. Akataka kuomba radhi. Ndipo akasikia, nyuma ya sauti ya mpenzi wake, mtu anakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu aliyekizoea.

"Nani huyo?"

"Wapi?"

"Anayekohoa."

"Redio. Kuna mchezo wanaigiza." Akacheka kidogo. "Nikupigie baadaye, udongo unanikaukia hapa."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Akaenda kuanika.

* * *

Jumamosi Miwani akashika brashi yake. Wiki hiyo Mchongaji alikuwa amemletea sanamu mpya kabisa, ambayo kundi zima lilikuwa linaililia: Binti Radi amerudi nyumbani baada ya vita, ameketi juu ya jiwe, mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto umefunikwa na joho. Mikono ya kushoto ya sanamu za Mchongaji siku zote imefunikwa na kitu, joho au wingu au ngao, na Kundi la Rafu limeshabishana mpaka watu wakanuniana. Wengine husema ni mtindo. Wengine husema ni fumbo.

Leo Miwani alianza na ile mikono ya kulia. Kwa heshima, maana sasa alijua ni ya nani.

"Shikamoo, dada," akamnong'oneza Binti Radi wa kwanza.

Mkono wa huyo ulikuwa umenona, ngozi imejaa, pete imekaa vizuri. Wa pili ulikuwa na alama ndogo ya kuungua karibu na kidole gumba. Alama ile ilikuwepo kwa wa tatu pia, imefifia. Kwa wa nne viungo vya vidole vilianza kutokeza. Alikuwa ameyapangusa yote haya kila Jumamosi, akayasifu moja moja, lakini hakuwahi kuyatazama kwa mfuatano. Alipofika kwa yule wa mwisho, brashi ikasimama. Mishipa ilikuwa imevimba. Kucha zimekatwa fupi. Ngozi imelegea kwenye kifundo. Na kwenye kidole cha pete hapakuwa na pete, ila mfereji mwembamba umezunguka kidole, pale nyama ilipobonyea kwa kubanwa miaka mingi.

"Shangazi."

"Nini?"

"Mtu akifa, mkono wake unazeeka?"

"Akifa unaoza. Kuna nini?"

Shangazi akaja akijifuta mikono. Miwani akamwonyesha, mkono kwa mkono, wa kwanza hadi wa mwisho. Shangazi akavaa miwani yake ya kusomea, akarudia peke yake.

"Huyo marehemu kafa lini?"

"Anasema kabla hata sijamwandikia."

"Na hii iliyotangulia, yenye pete bado?"

"Hiyo ya mwaka jana."

"Basi, mwanangu, marehemu wenu kavua pete mwaka huu."

Miwani akakaa chini, palepale sakafuni. "Labda amewaza tu. Wachongaji huwaza. Labda alitaka kuona mkewe angezeeka vipi."

"Awaze mishipa, sawa. Alama ya pete iliyovuliwa kaiwaza ya nini?"

Akachukua simu, akaandika: "Mpenzi, mkono wa sanamu mpya mbona hauna pete?"

Jibu likaja upesi: "Pete gani?"

Kabla hajaandika tena, maneno yale yakatoweka, pakabaki: Ujumbe huu umefutwa. Kisha likaja jingine.

"Niliiacha makusudi. Sasa pete unayo wewe."

Maneno mazuri, si uongo. Angeyapata jana yake angewasomea wenzake dukani. Leo aliyasoma kwa shaka, na bado kuna upande wake mmoja uliotaka kuyaamini, kwa sababu kadi zilikuwa zimeshagawiwa na gauni liko mlangoni limefunikwa nailoni. Na alimpenda. Tuseme ukweli, alimpenda sana.

* * *

Jumatatu dukani ilimngoja kazi ya mpenzi wake. Mchongaji alikuwa ameagiza miwani ya kuonea karibu, ya kazi.

"Usinipime," alimwambia siku aliyoileta fremu ya zamani iliyovunjika mguu. "Fuata hii tu. Vipimo vilevile, ukubwa uleule."

Miwani alikuwa ameikata lensi na kuifunga bila kuwaza. Sasa aliishika kwa mikono miwili, akafikiria kichwa cha mpenzi wake. Kile kichwa alikijua, alishakilaza mapajani mara ngapi. Fremu hii isingefika masikioni mwake. Ilikuwa ya uso mdogo, mwembamba. Akaichukua ile ya zamani, akaifungua bawaba. Mlikuwa mmenasa unywele mrefu, nusu mweusi nusu mweupe.

Bisibisi ikateleza, ikamchoma chini ya kidole gumba cha kushoto. Damu ikatoka. Alipoinua kichwa kutafuta pamba ndipo akaona, kupitia kioo cha duka, ng'ambo ya barabara, mpenzi wake amesimama kwa fundi nguo. Anapimwa suti ya harusi. Amenyoosha mikono, na fundi anazungusha futi kifuani.

Akampigia. Akamwona anatoa simu mfukoni.

"Mpenzi."

"Uko wapi?"

"Karakana. Mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, simu nimeibana kwa bega." Huku akijitazama kwenye kioo cha fundi nguo na kunyoosha kola. "Vipi?"

"Miwani yako iko tayari. Nikuletee huko?"

"Usije huku, vumbi la rezini litakuua mapafu. Nitapita jioni."

"Sawa."

"Nakupenda."

"Haya," akasema Miwani. Kukata simu kukamshinda, akasubiri mpaka mwenzake akate.

Akamwandikia shangazi: "Naenda karakana kwake, nyuma ya maghala ya mbao. Nisipokupigia mpaka adhana ya mchana, njoo."

* * *

Lango alilijua. Aliwahi kuletwa mpaka pale, akaambiwa asubiri nje. Lilikuwa na kufuli kubwa, limefungwa kwa nje. Ndani msasa ulikuwa unasugua kitu, taratibu, unasimama, unaanza tena. Halafu mtu akakohoa. Ndicho kile kikohozi cha redio.

"Hodi."

Msasa ukasimama.

"Hayupo," ikasema sauti ya mwanamke. "Rudi jioni."

"Nimeleta miwani."

"Yangu?" Nyayo zikasogea langoni. "Mungu akubariki, nimekaa kipofu wiki nzima. Ufunguo uko chini ya kopo la rangi, hapo kushoto kwako. Fungua."

Miwani akainua kopo. Ufunguo ulikuwepo kweli.

"Dada, kakufungia?"

"Anafunga kwa ajili ya wezi."

"Mtu anayeogopa wezi hujifungia kwa ndani. Kufuli hili liko nje."

Upande wa pili msasa ukawekwa chini. "Fungua, mdogo wangu," sauti ikasema baadaye, chini kidogo.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja kirefu. Ndoo za rezini, ule uji wa plastiki unaomiminwa kwenye kalibu ukagandia humo. Kalibu zenyewe zimepangwa ukutani. Vumbi jeupe juu ya kila kitu, hata juu ya sahani ya chakula iliyofunikwa. Mwanamke alikuwa mwembamba, nywele nusu nyeusi nusu nyeupe, barakoa ya kitambaa imening'inia shingoni. Lakini Miwani hakumtazama yeye kwanza. Juu ya meza, kwenye fimbo ya chuma, palikuwa na kichwa cha udongo. Kilikuwa kichwa chake. Shavu lake, mdomo wake, mpaka miwani yake. Nyuma ya miwani hapakuwa na macho bado, ila mashimo mawili.

Mwanamke akavaa fremu mpya. Akamtazama mgeni, akatazama kichwa, akamrudia mgeni.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Yule mteja."

"Nani kasema mteja?"

"Mume wangu. Alileta picha, akasema kuna mteja tajiri anataka Binti Radi mwenye sura yake. Nimekaa na sura yako tangu mvua zianze. Macho ndiyo yamenishinda. Kwenye picha yanafurahia kitu, nami sikijui ni kitu gani."

Miwani akakiangalia kile kichwa tena.

"Picha hizo kapiga nani, dada?"

Mwanamke akautazama mkono wa mgeni. Alikuwa ameshaona pete.

"Hiyo alisema anaipeleka kwa sonara," akasema. "Kurudisha lile jani."

"Kanivisha wiki iliyopita. Harusi ni Jumamosi. Kaniambia wewe ni marehemu."

Mwanamke akavuta stuli, akakaa. Hakulia. Alipangusa vumbi mezani kwa kiganja, akapangusa tena palepale palipokwisha kuwa safi.

"Marehemu nani," akasema. "Na asubuhi kanipigia kelele kwamba chai haina sukari."

"Dada, nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Mimi niliyelala naye sikujua." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka kwa kukohoa. "Kwa hiyo ni yeye. Macho yako yalikuwa yanamfurahia yeye."

Miwani akaitikia kwa kichwa. Aibu ilimla, ingawa kosa halikuwa lake.

"Jani lilikatikaje?" akauliza, maana hakujua aseme nini kingine, na maana tangu zamani alitaka kujua.

"Lilinasa kwenye kalibu, nikilivuta. Ndiyo kwanza namfanya Binti Radi wa kwanza. Nikaliweka vilevile lilivyokatika."

"Nililia kwa ajili ya hilo jani. Nikamwandikia."

"Nani, yeye? Hakuniambia."

"Hakukwambia nini?"

"Kwamba kuna mtu kaliona. Yeye husema zinanunuliwa kwa ajili ya watoto, mwezi hauishi zimeshavunjwa."

Miwani akafungua simu, akafungua Kundi la Rafu. Akampa. Picha zikapita: rafu ya mwalimu mstaafu aliyeweka taa ndogo juu ya kila Binti Radi, rafu ya daktari, rafu ya mama mwenye duka la maua aliyezipanga katikati ya maua. Chini ya picha maneno. Mchongaji huyu ana moyo. Angalieni kucha. Angalieni kifundo, jamani, hiki kifundo kinapumua. Mwanamke alisoma huku akisogeza picha kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umelala mezani. Miwani akautambua. Mishipa, alama ya kuungua, mfereji wa pete.

"Wewe ni wa kushoto."

"Tangu kuzaliwa. Ndiyo maana pete naivaa kulia, isinisumbue nikifinyanga. Nao huu wa kulia umekaa tu hapa mbele yangu, basi naufinyanga. Wa kushoto siwezi kuutazama, muda wote uko kazini. Nikiufanya unatoka kama kijiko. Naufunika na joho."

Miwani alitaka kucheka, akajikuta analia. Watu walinuniana mwaka mzima kwa ajili ya lile joho.

"Hujawahi kumwomba mtu akufungulie, dada? Ufunguo upo hapo nje."

"Niende wapi? Kazi iko humu."

* * *

Simu ya Miwani ikalia mkononi mwa mwanamke. Kwenye kioo paliandikwa Mpenzi. Akaitazama tu. Mlio ukaendelea, na nje ya lango nyayo zikasimama.

"Kufuli liko wapi?" sauti ikajiuliza.

Lango likafunguka. Mchongaji akaingia, simu sikioni, harufu ya marashi ikimtangulia.

"Mpenzi, mbona hupo dukani..."

Wanawake wote wawili wakainua kichwa.

"Yupi?" akauliza mkewe.

Akashusha simu. Macho yakazunguka chumba. Kisha akalirudisha lango nyuma yake, akalibana kwa komeo la ndani, polepole, bila kugeuka. Alipozungumza sauti ilikuwa ileile ya asali.

"Miwani, njoo nje tuongee. Huyu ni dada wa marehemu. Kichwa chake si kizima, namtunza tu. Usimsikilize."

"Mwambie tena hilo huku unanitazama," akasema mkewe.

Hakumtazama. "Miwani. Njoo."

Miwani hakwenda. Akakata pande la udongo kwenye meza, akalisukuma mbele yake.

"Finyanga mkono. Mmoja tu. Ukiweza, Jumamosi iko palepale, na sitauliza kitu mpaka nife."

Akacheka. "Unanijaribu mimi?"

"Kidole basi. Kidole kimoja."

Alilishika lile pande. Akalibinya, likachomoza katikati ya vidole vyake, akalibinya tena. Alilishika kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake na hajui akiweke wapi. Akaliangusha.

"Sina cha kuthibitisha kwa mtu. Mkitoka hapa mtamwambia nani? Jina linalojulikana ni langu. Huyu hana hata picha moja akiwa na sanamu. Mnadhani nani atawaamini?"

Mkewe alikuwa anamtazama kupitia miwani mpya, kwa makini, kama anamwona sawasawa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hilo ndilo lililomkera. Akakamata kile kichwa cha udongo, akakipiga sakafuni. Uso wa Miwani ukapondeka ukawa chapati.

"Umevunja udongo," akasema mkewe. Akainua mkono wa kushoto. "Kazi iko huku."

Mchongaji akapiga hatua kumwendea mkewe. Miwani akaingia katikati, bila kufikiri. Yule mwanamume akawa anautazama ule mkono wa kushoto kwa namna ambayo Miwani hataisahau.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Miwani akausoma kwa sauti.

"Adhana imeshapita, niko langoni na mafundi wa ghala la mbao. Mmoja anauliza aje na nyundo au waje mikono mitupu. Shangazi."

Lango likagongwa. Likagongwa tena kwa kitu kizito.

"Baba," ikaita sauti ya shangazi, kwa upole wa kutisha. "Fungua mwenyewe, usituharibie lango."

Akafungua. Akapita katikati ya mafundi, kichwa chini, na suti yake mpya ya kupimwa haikuvaliwa siku ile wala nyingine, walau si katika mtaa ule. Miwani akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha yule mwanamke.

"Lile jani hakulirudisha," akasema.

"Nimeliona," akajibu mwanamke.

* * *

Jumamosi ya harusi ilipita wakikoroga chokaa. Shangazi aliamua kwamba chumba chake cha nyuma kina dirisha kubwa kuliko karakana yoyote, wakakipaka upya, wakaweka meza. Mgeni wakamwita Dada. Kikohozi hakikuisha mara moja, lakini kilianza kupata nafasi ya kupumzika. Usiku Miwani alilia, tusimfiche. Alimlilia mtu ambaye kumbe hakuwahi kuwepo, na hilo lilimchosha kuliko kufiwa.

Baada ya miezi kadhaa Dada akasema anataka kufanya Binti Radi mpya. Safari hii akikamata radi kwa mkono wa kushoto, wazi, bila joho.

"Kaa hapo. Lete mkono."

Miwani akampa wa kulia, kwa mazoea.

"Si huo."

Akacheka, akatoa wa kushoto, akauweka mezani penye mwanga. Palikuwa na kovu la bisibisi chini ya kidole gumba. Na kwenye kidole cha pete, ukiangalia vizuri, palikuwa na kivuli chembamba cha kitu kilichovaliwa muda mfupi.

"Hicho utakifuta?"

"Nafinyanga ninachokiona," akasema Dada. "Tulia, vidole vinacheza."

Simu ikaangaza kando. Namba ngeni.

"Samahani dada, nimepata namba yako kwa watu wa sanamu, wamesema nikuulize wewe. Nimechumbiwa na kaka mmoja, ni mchongaji, anasema yeye ndiye aliyemfanya Binti Radi. Ni mkarimu sana. Karakana yake haniruhusu kuingia, anaogopa vumbi litaniumiza. Unamfahamu?"

Miwani akausoma kwa sauti. Akataka kusimama. Dada hakuinua macho kwenye udongo.

"Usitikisike. Mwambie ampe udongo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na aende na shangazi yake."

Miwani akaandika kwa mkono wa kulia, polepole, maana wa kushoto ulikuwa kazini.